Mwalimu Aliyekataza Samahani Uwanjani

Amani iwafikie nyote mnaotusikiliza, mlio majumbani na mlio kazini, na wewe uliyeketi peke yako na redio yako. Wasikilizaji wapendwa, saa hii tumeitenga kwa ajili ya mtu mmoja. Mtu huyo ni Mwalimu Orikasa Tomi. Amefariki wiki iliyopita, hapa hapa mjini kwetu Minasawa, akiwa na umri wa miaka themanini na mmoja.

Alikuwa mwalimu wa hisabati. Lakini simama sokoni utaje hisabati, hapana atakayegeuka. Taja tenisi ya mpira laini, na muuza viazi ataacha mizani ikining'inia aje akusimulie. Mwalimu Orikasa Tomi, mwalimu wa hisabati, kocha wa tenisi wa wasichana wa shule yetu ya kati.

Kabla sijawaeleza alishinda nini na alishindwa nini, naomba niwape swali nililotoka nalo mazishini. Katika nchi yetu hii, mtoto hufundishwa kuinama kabla hajafundishwa kukimbia. Imekuwaje basi mwalimu mwenye heshima zake awakataze wanafunzi wake kuomba samahani?

Mmesikia sawasawa. Aliwakataza kuomba samahani. Na katazo hilo nusura limpokonye timu aliyoipenda kuliko kitu chochote. Sasa tuanze mwanzo.

Tomi alizaliwa katika nyumba ya wakulima wa tufaha, juu kidogo ya mto. Mdogo wake, Bibi Orikasa Fumie, ndiye aliyenisimulia habari za utoto wake, tukiwa tumeketi karibu na jiko la mafuta.

"Dada alikuwa mtu wa kuuliza tu," alisema Bibi Fumie. "Mama anapika supu, yeye yupo pale: Mama, kwa nini kipande hiki kimezama na hiki kinaelea? Mama, mvuke unakwenda wapi? Mama akachoka, akamwambia, 'Tomi, kula kwanza, utauliza ukishashiba.' Basi akawa anakula mbio mbio, kama anafukuzwa, ili amalize aulize."

Alipofika shule ya kati akajiunga na timu ya tenisi. Na hapa, wasikilizaji wapendwa, wengi wenu mtakumbuka ujana wenu. Msimu mzima wa kwanza alipewa raketi, hakupewa mpira. Alisimama safuni na wenzake akikata hewa kwa raketi. Aliokota mipira ya wanafunzi wa madarasa ya juu. Alipaza sauti ya kuwatia moyo. Jioni akaburuta brashi kulainisha udongo, kisha akauinamia uwanja, akaenda nyumbani. Ndivyo ilivyokuwa, na hakulalamika.

Mwaka wa pili akapata kucheza. Mara akateguka kifundo cha mguu. Akaketishwa benchi, mguu juu ya ndoo, akaangalia wenzake wakicheza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuutazama mchezo bila kuwa na la kufanya.

Akaona jambo. Mchezaji wa upande wake alikosea, mpira ukagonga wavu. Akamgeukia mwenzake, akainamisha kichwa. "Samahani!" Mwenzake naye akainamisha kichwa. "Usijali!" Vichwa viwili vikawa chini. Na wakati ule ule, ng'ambo ya wavu, wapinzani wakanong'onezana na kubadilishana nafasi. Vichwa vilipoinuka, mambo yalikwisha kubadilika, na wale wawili hawakujua.

"Alirudi nyumbani kifundo kimevimba kama kiazi kitamu," alisema Bibi Fumie, "lakini anacheka. 'Fumie! Fumie! Nimeona kitu! Wakiinama, hawaoni!' Mimi nikamwuliza, sasa hilo ni la kuchekea?"

Wakiinama, hawaoni. Nalirudia kwa aliyechelewa kufungua redio yake. Binti yule aliona kwamba kosa humgharimu mchezaji pointi moja, na samahani yake humgharimu pointi ya pili.

Nami niliyelelewa msikitini, niliyefundishwa kuweka paji la uso chini tangu sijaota meno ya utu uzima, nilitikiswa na habari hii. Nikajiuliza, je, si kiburi hiki? Nikalipima siku nyingi. Naona sivyo. Toba ni kwa dhambi. Radhi huombwa kwa aliyedhulumiwa, na hiyo ni wajibu, haina mjadala. Lakini mpira uliotoka nje ya mstari si dhambi, wala mwenzako hukumdhulumu. Usiku ule wa mazishi nikajikuta natunga:

Jicho limepewa kazi, kazi yake kutazama,
Lisilale kwa ajizi, kichwa kinapoinama,
Adabu si kizuizi, mtu kuacha kupima,
Anayeuliza wazi, huyo hajakosa jema.

Tuendelee. Tomi akasoma, akawa mwalimu, akarudi Minasawa. Akiwa na umri wa miaka arobaini hivi, akapewa timu ya wasichana. Katika timu ile walikuwamo wawili ambao habari yetu yote ya leo inawazunguka. Mmoja ni Sugeno Kanoko, mchezaji wa mbele, yule asimamaye karibu na wavu kuukata mpira njiani. Wa pili ni Hatakeda Ritsu, mchezaji wa nyuma, yule akimbiaye huku na huku kuurudisha. Kanoko mbele, Ritsu nyuma. Kanoko mpole kupita kiasi. Ritsu mdomo hauna kifuniko.

Siku ya kwanza ya katazo, Kanoko alipiga mpira ukaishia wavuni.

"Samahani!" akapaza sauti.

"Hapa hatuombi samahani," akasema Mwalimu.

"Samahani, Mwalimu."

"Nimesema hatuombi."

"Ndiyo. Samahani."

Ritsu akacheka mpaka akashika magoti. "We Kanoko, utamwomba samahani hata nguzo ya wavu!"

"Na wewe usinicheke! Mwalimu, samahani, ile samahani ya kwanza sikumaanisha..."

Mwalimu Orikasa akaketi palepale juu ya udongo, akacheka nao. Kisha akawapa neno la kuweka mahali pa lile aliloliondoa. "Ukikosea, inua macho. Mwenzako akuulize, 'Umeona nini?' Nawe umjibu ulichoona. Kama hukuona kitu, sema hukuona."

Umeona nini. Maneno mawili tu. Lakini msidhani yalikuwa mepesi. Wasichana waliendelea kuomba samahani kwa siri. Waliomba kwa kuinua raketi kidogo. Waliomba kwa midomo isiyotoa sauti. Ritsu anaapa kwamba Kanoko aliweza kuomba samahani kwa kope.

Na mazoezi yenyewe yakabadilika. Safu za kukata hewa zikafupishwa. Mahali pake, walicheza. Lakini walicheza wakianza wako nyuma. "Mmekwisha kupoteza pointi tatu," Mwalimu aliwaambia, "na imebaki moja mfe. Mnatokaje?" Theluji ilipofunga uwanja, walihamia kwenye korido ya shule, kwa kuwa mpira laini hauvunji kioo, na huko wakajifunza kusimama, kuvuka, na kurudi, bila hata kupiga.

Majira ya kuchipua, akafanya kioja. Alifunga kamba juu ya wavu akatundika mashuka, yakabakiza nafasi ndogo chini. Anayecheza haoni raketi ya mpinzani, haoni uso, haoni bega. Anaona miguu tu. Na kwa miguu hiyo atabiri mpira unakokwenda.

Siku hiyo akapita Mzee Sugeno, babu yake Kanoko, fundi wa mikeka ya tatami, na mwenyekiti wa wazazi wanaoisaidia timu. Miaka ya nyuma yeye mwenyewe alikuwa akiisimamia timu ile. Akasimamisha baiskeli.

"Mwalimu, hapa ni uwanjani au kwa dobi?"

"Ni uwanjani, Mzee Sugeno. Karibu uangalie miguu."

"Miguu! Mimi nilidhani nitaona tenisi. Sisi enzi zetu tulikata hewa mpaka jioni mkono haushiki vijiti vya kulia. Hawa wako wanapiga soga."

"Wanaambiana walichoona."

"Waone nini? Mpira ni mmoja!"

Akapanda baiskeli akaenda zake. Pengine yangeishia hapo. Lakini haukupita muda, nyumbani kwake, Kanoko akaangusha bakuli la babu yake, bakuli la wali alilolitumia tangu ujana. Likavunjika vipande. Familia nzima ikamgeukia, ikingoja samahani. Na mtoto yule, ambaye mwaka uliotangulia angelia machozi, akainua macho akasema, "Nimeona. Kiwiko changu kilikuwa nje sana."

Wasikilizaji wapendwa, huo haukuwa uwanja wa tenisi. Hilo lilikuwa bakuli la babu yake, na hapo samahani ilikuwa haki yake. Mwalimu mwenyewe alipoambiwa alifunika uso kwa mikono, akamwita Kanoko akamwambia, "Mwanangu, rudi nyumbani ukaombe radhi. Babu yako si wavu." Kanoko akarudi akaomba radhi mpaka paji likagusa mkeka.

Lakini moto ulikuwa umekwisha kushika. Mzee Sugeno akaitisha mkutano wa wazazi. "Anatuharibia watoto," alisema. "Tulimpa mabinti wenye adabu, anaturudishia mahakimu." Mkuu wa shule, mtu wa kupenda amani, akatafuta njia ya kati. Ikakubaliwa hivi. Mashindano ya kiangazi yako karibu. Timu ikishinda hapa wilayani na kwenda mkoani, Mwalimu Orikasa ataendelea na mtindo wake. Ikishindwa, timu atarudishiwa Mzee Sugeno.

Narudia, ili sote tuwe pamoja. Wakishinda, timu ni yake. Wakishindwa, timu si yake tena. Naye akakubali.

"Nilimsihi," alisema Bibi Fumie. "Nilimwambia, dada, waache waombe samahani mpaka kiangazi kipite, halafu endelea na mambo yako. Akaniuliza, 'Nitakuwa nimewafundisha nini?' Na watu wanadhani hakuogopa. Aliogopa sana! Siku zile alikuwa anaosha kikombe, anakipangusa, halafu anakichukua anakiosha tena."

Siku ya fainali ikafika. Joto lilikuwa la kuyeyusha lami. Mama wa wachezaji walikuja na madumu ya chai ya shayiri na mataulo yaliyofungiwa barafu. Wapinzani walikuwa wasichana wa mji wa bondeni. Timu zikaenda sambamba, mpaka ikabaki jozi moja kila upande. Jozi yetu ilikuwa Kanoko na Ritsu. Atakayeshinda gemu nne ndiye atakayekwenda mkoani.

Wakafika mahali ambapo wapinzani walikuwa na gemu tatu, sisi mbili. Wakihitaji moja tu kutumaliza. Ukafika wakati wa kubadilishana pande za uwanja, na hapo kocha huruhusiwa kusema na wachezaji wake, muda mfupi tu. Mzee Sugeno alikuwa ameshika waya wa uzio kwa vidole vyote kumi.

Wasikilizaji wapendwa, hapa ndipo udadisi wangu ulipo hasa. Maana Mwalimu Orikasa alikuwa na shauri lake kichwani. Alimweleza mdogo wake baadaye. Aliona afadhali Kanoko abaki palepale alipo, alinde mstari wake, asivuke, awaache wapinzani wakosee wenyewe kwa joto. Alikuwa na shauri, alikuwa na muda wa kulisema, na timu yake ilikuwa inaning'inia kwenye uzi. Yeye akauliza.

"Mmeona nini?"

"Yule Nihei wao wa nyuma," akasema Ritsu akihema, "ukimsukuma pembeni anapiga mpira wa juu. Na mimi nimechoka kuukimbilia, miguu yangu imekuwa uji."

"Mimi nimeona kingine," akasema Kanoko. "Gemu hii yote, akiwa ametulia, ananiangalia kwanza. Akiniona nimesimama, anapiga katikati, mbali na mimi. Kila mara. Mwalimu, mimi sitaki kusimama tena. Nataka kuvuka."

Kubaki, ndilo shauri la Mwalimu. Kuvuka, ndilo shauri la mtoto. Mwalimu akawapa mataulo ya barafu. Akawatazama. Akasema, "Nendeni mkajaribu."

Kanoko akavuka. Mpira wa Nihei ulipotoka kwenye raketi, Kanoko alikuwa amekwisha kufika katikati, akaukata, ukafia miguuni mwa wapinzani. Akavuka tena. Akaukata tena. Mama mmoja akamwaga chai. Tukawa sare, gemu tatu kwa tatu, na ikabaki gemu ya mwisho ya kuamua.

Katika gemu ile walikwenda bega kwa bega, pointi kwa pointi, na pale Ritsu alipoteleza Kanoko hakusema usijali, aliuliza, "Umeona nini?" na Ritsu akajibu, "Nimeona nyota!" na wote wawili wakacheka katikati ya fainali, jambo ambalo wazee wa mji hawajalimaliza kulisimulia mpaka leo.

Kisha wapinzani wakafikia pointi ya ushindi. Ritsu akapeleka mpira mzuri, mrefu. Nihei akatulia nyuma ya mpira. Akaangalia. Kanoko akavuka.

Nihei akaupiga mpira mahali pale pale Kanoko alipotoka.

Ritsu alikimbia kwa miguu yake ya uji. Hakufika. Mpira ukadunda mara mbili, taratibu, ukalala. Tumeshindwa.

Ritsu alikuja wavuni akilia kwa sauti. Lakini aliuliza. "Umeona nini?"

Kanoko alikuwa akiangalia nyayo zake kwenye udongo. "Sijaona," akasema. "Ritsu, alijuaje?"

Desturi yetu mnaijua. Timu ikishindwa hupanga mstari mbele ya wazazi kwenye uzio, na nahodha huomba radhi kwa udhaifu wao. Nahodha alikuwa Kanoko. Wakajipanga. Wazazi wakajipanga. Mbele yao alisimama babu yake.

"Asanteni kwa kuja, na asanteni kwa chai," akasema Kanoko. "Tumeshindwa. Mimi nilivuka, naye akapiga nilikotoka. Sijui alijuaje. Nataka kujua."

Mama mmoja akanong'ona, "Sasa samahani iko wapi?" Mzee Sugeno akamgeukia Mwalimu.

"Ahadi ni ahadi, Mwalimu."

"Ahadi ni ahadi, Mzee," akasema Mwalimu Orikasa. Na siku ile ile timu ikatoka mikononi mwake.

Bibi Fumie alimwuliza jioni ile, kwa uchungu, kwa nini hukuwaambia wabaki? Ungewaambia, labda wangeshinda. Mwalimu akasema, "Labda. Lakini sikuwa na hakika kama mimi ndiye niliyeona vizuri. Nilitaka kuona." Kisha akalia, na mdogo wake akamtandikia kitanda.

Majira ya majani mekundu yakaingia. Mzee Sugeno akairudisha safu. Mkono juu, mkono chini, sauti juu. Lakini mambo hayakumwendea alivyotaraji. Wasichana walitii kila neno, kisha wakauliza.

"Simama hapa."

"Ndiyo, Mzee. Kwa nini hapa?"

"Kwa sababu nimesema."

"Ndiyo, Mzee. Na wao wakisimama pale, bado tusimame hapa?"

Na nyumbani hakukuwa na nafuu.

"Babu, alijuaje?"

"Kula."

"Nakula. Lakini alijuaje?"

Kanoko sasa ni mama wa makamo. Amerithi karakana ya babu yake, na nilimkuta akishona ukingo wa mkeka, sindano ndefu kama kalamu mkononi. Aliniambia, "Babu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kujibiwa 'ndiyo.' Hakuna aliyewahi kumwuliza kitu asichokijua. Mwanzoni alikasirika. Halafu nikaanza kumwona, akiwa kazini, anasimama, anavuka chumba hatua mbili, anarudi. Nikajua, loo, limemwingia. Siku moja akatupa sindano akasema, 'Lete raketi.'"

Wakaenda nyumbani kwa Mwalimu Orikasa. Walimkuta barazani pamoja na Bibi Fumie, wakimenya kaki, yale matunda ya rangi ya chungwa, ili wayaanike. Mzee akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Karibu chai, Mzee Sugeno."

"Sikufuata chai. Mtoto huyu amenimaliza. Yule binti alijuaje?"

"Sijui," akasema Mwalimu.

"Hujui? Wewe ndiye mwalimu, na hujui?"

"Mimi nilikuwa benchi, Mzee. Kutoka benchi hakuonekani. Inabidi mtu asimame pale aliposimama Nihei."

Naye Mwalimu akawa amekwisha kuvaa viatu. Bibi Fumie anasema alilazimika kumkimbilia hadi njiani, akipiga kelele, "Dada! Kisu! Umeondoka na kisu changu!"

Uwanjani, Mwalimu alimsimamisha Mzee Sugeno nyuma kabisa, mahali alipokuwa Nihei. Kanoko akakaa wavuni. Mwalimu akawa anampelekea mzee mipira, polepole.

"Usiuangalie mpira, Mzee. Mwangalie mjukuu wako."

"Nitaupigaje bila kuuangalia?"

"Usiupige. Angalia tu. Umeona nini?"

"Naona amekunja uso kama amelamba ndimu."

"Babu!"

"Tena," akasema Mwalimu.

"Naona raketi iko chini. Hapana, si hicho. Tena." Kanoko akavuka tena. "Naona... ngoja. We mtoto, rudia. Rudia!" Kanoko akarudia. Mzee akatupa raketi chini, yeye ambaye kwa miaka aliwaadhibu watoto kwa kosa hilo. "Kisigino! Kisigino cha kushoto! Unakiinua kabla hujavuka! Mtoto wewe, unapiga mbiu mji mzima usikie!"

Kanoko aliniambia alikitazama kisigino chake kama kitu cha jirani.

"Miezi yote ile," akasema Mwalimu Orikasa, "mimi sikukiona. Nionyeshe." Akazunguka wavu mbio, akasimama kando ya Mzee Sugeno, bega kwa bega. Kanoko akavuka. Kisigino kikainuka. Mwalimu akapiga kelele kama msichana.

Na hapo Mzee Sugeno, fundi wa mikeka, mtu wa safu na adabu, akasema neno ambalo ni la kocha wa kweli. "Basi, Kanoko, sikiliza. Kiinue hicho kisigino. Kiinue vizuri aone. Halafu usiende popote."

"Babu! Huo si ni ulaghai?"

"Wenzio wamekisoma kisigino chako bure msimu mzima. Sasa wasome uongo."

Wakacheka wote watatu. Kicheko kilipokwisha, mzee akamgeukia Mwalimu. Aliondoa kofia. Yaliyopita kati yao yalikuwa mazito, na kwa desturi yetu palistahili neno zito. Akaanza kuinama.

"Mzee Sugeno, angalia wavuni," akasema Mwalimu Orikasa upesi. "Anavuka tena."

Mzee akainua kichwa, akaangalia.

Jumatatu iliyofuata, timu ilikuwa ya Mwalimu. Hapakuwa na mkutano. Hapakuwa na tangazo. Mzee Sugeno alikuja na kigoda chake, akakaa nyuma ya uwanja, na kila jioni alitoa taarifa ya visigino.

Mtaniuliza, kiangazi cha pili walishinda? Walikwenda mkoani, naam. Huko wakatolewa siku ya kwanza, na Mwalimu akarudi kwenye gari moshi akiwa na furaha, kwa kuwa alikuwa ameona mambo mengi. Aliendelea kufundisha mpaka alipostaafu. Mzee Sugeno alitangulia kuondoka duniani, na yeye Mwalimu ndiye aliyebeba picha yake mbele ya jeneza, kwa ombi la familia.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo chetu natoa mkono wa pole kwa Bibi Orikasa Fumie, aliyebaki peke yake katika nyumba ile yenye bustani ya tufaha. Pole kwa Bi Sugeno Kanoko na Bi Hatakeda Ritsu, na kwa wote waliowahi kushika raketi mbele ya Mwalimu Orikasa Tomi. Mwenyezi Mungu, ajuaye yaliyo dhahiri na yaliyofichika, awajaalie subira.

Nasi tuliobaki tufikiri jambo moja. Leo, kabla jua halijazama, mtoto wako, au fundi wako, au mwenzako wa kazini atakosea mbele yako, naye ataharakisha kukuinamia. Kama amekudhulumu, mpokee na umsamehe. Kama mkono wake umeteleza tu, mwinue kidevu kwa upole, usimame upande wake, na mtazame pamoja.